Kamba ya Baba kwenye Mpira Mweusi

Sisi tuliokulia Kimanga, mtaa wa Uvira, miaka ile, uhuru wetu ukiwa bado haujaota meno, hatukuhitaji saa ya ukutani. Saa tuliisoma kwa baiskeli. Wachukuzi wa Mutarule walipita mbele ya nyumba yetu asubuhi, magunia ya muhogo yamewafunika mgongo mzima, na wale wa Lubarika, wanaotoka mbali zaidi kule bondeni mwa Ruzizi, walifika jua likiwa limeshachemka. Ukisikia kengele zao na mama hajaweka sombe, yaani kisamvu, jikoni, ujue siku hiyo mtachelewa kula. Nayakumbuka haya na moyo unafurahi kidogo, halafu nakumbuka na lililobaki, na uso unaniwaka. Nina wajukuu sasa, na bado unaniwaka.

Baba yangu alikuwa fundi wa baiskeli. Kazi yake aliifanyia uani, chini ya mabati mawili aliyoyashikiza kwenye ukuta wa jikoni. Harufu ya utoto wangu ni gundi ya viraka, mafuta ya mnyororo, na dagaa wa ziwani tunaowaita ndagala, walioanikwa kwa jirani, vyote kwa pamoja. Mabaki ya kazi yake yalikuwa urithi wetu watoto. Rimu kuukuu tulizisukuma kwa kijiti mpaka ziwani, na mipira ya ndani iliyokwisha tuliikata nyuzi ndefu, tukaziunganisha, wasichana wawili wakazinyoosha kwa miguu na wa tatu akaruka. Riziki, binti wa karani aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, aliruka mpira ukiwa kiunoni. Mimi niliishia magotini, na yeye hakuacha kunikumbusha.

Lakini baba hakujulikana kwa viraka. Viraka kila fundi alibandika. Baba alijulikana kwa kuchagua mipira ya nje, ile inayogusa njia. Kwanza alifumba macho, akaunusa, kwa maana mpira uliokaa dukani miaka mingi hunuka kikavu, kama masizi. Kisha aliukunja ubavu kwa vidole gumba viwili akatafuta nyufa ndogo zinazojificha mpaka uzikunje. Halafu aliingiza mkono ndani na kupapasa nyuzi, kama zimesukwa karibu karibu au zimeachana. Ule uliokaa karibu na dirisha la duka aliuruka kabisa, kwa sababu jua lilishaula upande mmoja. Mwisho wa yote ndipo alipofumbua macho. Alikuwa na msemo wake, na sisi wa nyumbani tuliujua kama sala: "Macho inapenda rangi, njia inapenda ngozi."

Na hakuchagua mpira mmoja kwa watu wote. Makarani na walimu walikuwa na baiskeli nyembamba za barabarani, zile zinazokuachia upumzishe miguu kwenye mteremko. Hizo aliziwekea mpira mwepesi, wenye ubavu laini. Wachukuzi wengi wa bondeni waliendesha pinyo fiksi. Hizo hazina mapumziko: gurudumu la nyuma likizunguka, pedali nazo zinazunguka, upende usipende. Breki yake ni miguu yako mwenyewe. Ukitaka kusimama unaikaza, gurudumu linagoma, na mpira wa nyuma unaburuzwa juu ya mawe. Na kwa kuwa miguu ya mtu hupenda kukaza pale pale, mpira nao huliwa pale pale. Ndiyo maana baba aliwachagulia mpira mweusi mzito, mnene katikati, na kila mwezi aliusogeza kidogo juu ya rimu ili njia iule mahali pengine. Mpira wa namna hiyo haukuwa na sura. Ulikuwa na maisha.

Sasa sikilizeni jinsi mambo yalivyokwenda, kwa kuwa vijana wa leo wakisikia wanadhani natunga. Mchukuzi aliyetaka mpira alimwambia baba, kisha akaenda zake. Siku yoyote baba akipata nafasi aliingia dukani kwa Mzee Selemani, mwenye duka karibu na soko, mahali mipira ilipotundikwa juu ya mti uliopigiliwa ukutani. Akishachagua, alitoa mfukoni kamba nyembamba ya ukindu, kila mchukuzi na rangi yake, akaufunga mpira ule. Basi. Mwenyewe akija, hata baada ya wiki mbili, alitafuta kamba yake, akanunua, akaondoka. Hapakuwa na karatasi wala jina. Hakuna aliyegusa kamba ya mwenzake. Watu walimwita baba yangu Baba Kamba, na shukrani yake ilikuwa samaki wawili au mkungu wa ndizi ulioachwa mlangoni.

Mjomba Kashindi, mdogo wa mama yangu, aliishi Lubarika na alikuwa mchukuzi. Nasema bila kupiga chuku: kwenye pinyo fiksi hakuwa na wa kumshinda. Wengine walishuka kusukuma penye mlima, yeye alipanda akiimba. Alinipenda mimi kupita kaka zangu, na mwaka ule wa mwisho kabla ya vita kutufikia, sikukuu ya uhuru ilipokaribia, aliniahidi jambo. Baiskeli zilikuwa zinapita kwa defile, yale maandamano ya sikukuu, baada ya wanafunzi, zimepambwa maua na vitambaa.

"Ile siku nitakubeba, mupwa," aliniambia. "Uvae muzuri. Watu wote watakuona."

Nikamweleza Riziki kabla jasho la mjomba halijakauka. Riziki akacheka. Yeye angebebwa na baba yake juu ya baiskeli ya karani, nyembamba na inayong'aa. "Weye utakuja na kinga ya muhogo," alisema, kwani baiskeli sisi tuliiita kinga, "na mipira nyeusi kama ya punda." Punda mwenyewe hakuwahi kumwona, wala mimi. Lakini liliniuma kama upupu.

Wiki hiyo Mzee Selemani alipokea mipira mipya yenye ubavu mwekundu. Nyekundu ya pilipili iliyoiva. Baba alishika mmoja, akaukunja, akaunusa, akaurudisha juu ya mti. "Hii iko ya kupiga picha," alisema, na Mzee Selemani mwenyewe akacheka. Kisha akafunga kamba ya Mjomba Kashindi kwenye mpira mweusi, wa pili kutoka mwisho. Nilikuwa nimesimama pale nikaona. Jioni ile ile homa ikamwangusha baba, akalala siku nne akitetemeka chini ya mablanketi.

Siku ya tatu mama alinituma chumvi, na nimwambie Mzee Selemani kwamba Kashindi atakuja Jumamosi kuchukua mpira wake. Mzee akaingia chumba cha nyuma kupima chumvi. Nilikuwa na umri wa miaka kumi, na nilijua ninachofanya. Nawaambia hivyo kwa sababu kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba sikujua. Fundo la baba lilikuwa la wavuvi, alilofundishwa na babu kwa ajili ya nyavu, na vidole vyangu havikuliweza. Nikaikata kamba kwa meno. Nikaipeleka kwenye mpira mwekundu, nikaifunga kwa fundo nililolijua mimi, lile tunalofungia mzigo wa kuni. Mzee Selemani aliporudi nilikuwa nimesimama mlangoni, mikono nyuma, kama mtoto anayesubiri sakramenti.

Jumamosi mjomba akaja, akaiona kamba, akanunua, na Mzee Selemani, aliyezoea kuiamini kamba ya baba kuliko macho yake mwenyewe, akamuuzia bila kuuliza.

Sitawanyima sehemu tamu, kwa sababu ilikuwepo. Siku ya defile nilikaa nyuma ya mjomba na gauni la maua, na chini yangu ule mpira ulizunguka mwekundu, mwekundu, mwekundu. Ile kamba ya baba, mjomba aliikata mbali na fundo, akaifunga kwenye usukani fundo likiwa vilevile, kama wachukuzi wengi walivyofanya kwa fahari. Riziki aliniona. Aligeuza shingo mpaka baba yake akamkemea. Furaha yangu ilidumu kuanzia misheni hadi sokoni, na sijawahi kupata nyingine nyepesi kama ile.

Pale sokoni baba alikuwa amesimama, kajifunika blanketi mabegani, macho yameingia ndani kwa homa. Watu walipotawanyika alichuchumaa kando ya baiskeli akaubonyeza ule mpira kwa dole gumba. Kisha akainuka, akaishika ile kamba kwenye usukani, akaitazama muda mrefu.

"Shemeji, minye nilikosea," alimwambia mjomba. "Ile homa ilinikamata mbaya. Urudishe hii mupira, ukamate nyeusi."

Mjomba akacheka. "Weye haukosake, shemeji. Minye nafuata kamba yako."

"Nakuambia nilikosea. Hii haitaweza kazi yako."

Alisema mara mbili, mbele ya wachukuzi na wauza samaki waliokuwa pale. Mjomba akampiga bega kwa upole na kumwambia aende akalale. Baba akanitazama, akaniambia nikamletee maji. Nikaenda kumletea maji. Hilo ndilo pekee nililofanya.

Miezi ikapita, kisha vita vikaja. Watu wa rika langu hawahitaji nieleze. Waasi walishuka, wanajeshi wakaja, wakaondoka, wakarudi, na sisi watoto hatukujua nani ni nani, tulijua tu kukimbia mama akisema kimbia. Shule ilifungwa tukiwa katikati ya hesabu za kugawanya, na mimi sijui kugawanya vizuri hadi leo. Duka la Mzee Selemani lilifungwa pia, naye akavuka ziwa. Sisi tulipanda milimani juu ya mji, tukala muhogo mbichi, tukanuka moshi. Huko chini bondeni Mjomba Kashindi aliendelea kubeba mizigo. Mpira mwekundu ulikuwa umelika mahali pamoja mpaka nyuzi zikaonekana, naye akauwekea kiraka kikubwa kwa ndani. Alitafuta mwingine, lakini mipira haikuwepo, hata kwa mwenye ng'ombe kumi.

Siku risasi zilipofika Lubarika, mjomba alimpandisha nyuma bibi yangu, yaani mama yake mzazi, ambaye hakuweza tena kutembea mwendo mrefu. Wakateremka kwa njia ya mawe kuelekea Ruzizi. Kwenye mteremko mjomba alikaza miguu kama alivyokaza maisha yake yote, na mpira ukapasuka palepale penye kiraka. Mpira ukishatoka kwenye rimu, pinyo fiksi haina breki tena. Bibi alirushwa kwenye shamba la muhogo na alivunjika kiwiko tu. Mjomba alianguka na baiskeli, na mguu wake wa kulia ukavunjika mara mbili.

Walimleta Uvira baadaye kwa kipoyi, machela ya miti, wanaume wanne wakipokezana kumbeba begani. Hospitali haikuwa na daktari wakati ule. Mwunga mifupa alijitahidi, lakini mguu ukaunga vibaya na kubaki mfupi. Mtu aliyepanda mlima akiimba hakupanda baiskeli tena. Alijifunza kusuka vikapu akiwa amekaa.

Wachukuzi walipoanza kupita tena Kimanga, walikuja na hadithi. Walisimulia kwamba Baba Kamba alimchagulia shemeji yake mwenyewe mpira wa maua, na kwamba hata yeye alikiri kuwa alikosea, si walimsikia pale sokoni? Ikageuka msemo. Msichana akiposwa na kijana mwenye viatu vya kung'aa na mfuko mtupu, walisema, "Huyo alifungiwa kamba ya Kimanga." Nyumba ikiezekwa vizuri na kuvuja, kamba ya Kimanga. Shule ilipofunguliwa, msichana mmoja aliusema darasani juu ya kalamu iliyomwaga wino, wakacheka wote. Na mimi nikacheka. Ningeweza kunyamaza tu, lakini nilicheka kwa sauti ili nisijulikane. Katika yote, kicheko kile ndicho ninachokionea aibu zaidi.

Nyumbani hakuna aliyelitaja. Baba aliendelea na viraka na minyororo. Mara moja mama mmoja wa Mutarule, ambaye labda hakuwa amesikia, alikuja kumwomba amchagulie mwanawe mpira.

"Uombe mwingine, mama," baba alimjibu. "Macho yangu ilizeeka."

Hakuwa amefikisha hata miaka arobaini na mitano. Nilikuwa nachambua ndagala hatua chache kutoka pale, na nilizidi kuchambua. Ukindu wake ulibaki umetundikwa kwenye msumari mpaka panya wakautafuna.

Baba aliugua mimi nikiwa nimeshaolewa, nina watoto wawili. Nilikaa naye siku nyingi. Neno lilikuwa mdomoni kila asubuhi. Mara nyingine nilianza, "Baba," naye akageuza kichwa kunisikiliza, nami nikamuuliza kama anataka maji. Alikubali kila mara, hata alipokuwa ametoka kunywa. Tukamzika bila mimi kusema.

Miaka kadhaa baadaye nilikwenda Lubarika kumwona mjomba. Alikuwa mzee, mguu mfupi ameunyoosha mbele yake, kikapu katikati ya magoti. Nikamwambia yote: chumvi, meno, gauni la maua. Nilitegemea anipige, na ningeshukuru. Yeye aliendelea kusuka.

"Minye nilijua," alisema.

Nikamuuliza alijuaje.

"Ile fundo haikukuwa ya baba yako. Baba yako alifungaka kama muvuvi. Ile ilikuwa fundo ya kuni. Niliiona pale pale mu duka."

"Sasa juu ya nini ulinunua, mjomba?"

Aligeuza kikapu upande wa pili. "Ile nyekundu ilinipendeza," alisema. "Nilikuwa kijana. Nilijiambia, kamba iko, basi haiko kosa yangu." Akavuta ukindu kwa meno, akaukaza. "Na baba yako aliiona vilevile. Siku ya defile aliishika, si unakumbuka? Muntu haweze sahau fundo yake. Na kuni ya kwenu, nani alikuwa anafunga?"

Mimi. Kaka zangu walichota maji, mimi nilileta kuni. Kila jioni baba alifungua mzigo wangu kwa mikono yake.

Nililia pale uani kwa mjomba kama mtoto, na yeye hakunibembeleza, kwa sababu alikuwa na sehemu yake ya kulia. Tulikuwa wawili tuliojua, na tulimwacha baba abebe peke yake. Baba alitafuta njia ya kuokoa mguu wa shemeji yake bila kumwaibisha binti yake mbele ya soko, na njia pekee aliyoiona ilikuwa kujipaka matope mwenyewe. Mguu hakuuokoa. Binti alimwokoa, na binti akamcheka darasani.

Watu wa rika langu wakikutana hupenda kuwateta vijana. Nami ningependa. Siku hizi kijana anachagua mpira wa baiskeli kwenye picha ya simu, hajaukunja, hajaunusa, anauliza tu kama kuna wenye mstari wa kijani. Enzi zetu mtu alitembea siku nzima kuja kutafuta kamba ya mtu aliyemwamini. Nikifika hapo ulimi unakwama. Enzi zetu zilikuwa na uaminifu, kweli, na nakumbuka ladha yake kwenye meno yangu siku nilipoukata.

Mwezi uliopita mjukuu wangu Bahati, ambaye hushindana kwa baiskeli na wenzake kwenye barabara ya Kavimvira, aliingia uani akautupa chini mpira wenye mstari wa kijani, umepasuka ubavu hata wiki tatu hazijaisha.

"Tate," aliniita, kama wajukuu wa kwetu wanavyotuita, "walinifungia kamba ya Kimanga."

Hajui msemo ulitoka wapi. Hajui kwamba anamcheka baba wa nyanya yake. Nikamwambia akae. Nikamsimulia kama nilivyowasimulia ninyi, na sikuruka kicheko cha darasani. Alisikiliza akiuchokonoa ule mpira uliopasuka.

"Sasa kamba ya babu ilikuwa ya kweli?" aliuliza.

"Ilikuwa ya kweli. Mukono ya uongo njo ilikuwa yangu."

Kesho yake nikaenda naye dukani. Nilifumba macho, nikanusa, nikakunja ubavu, nikapapasa nyuzi kwa ndani, na muuzaji, kijana mdogo, akadhani nimechanganyikiwa. Nikachagua mweusi usio na sura. Bahati hakuwa na haja ya kamba, alikuwa amesimama hapo hapo, lakini nilikuwa nimebeba ukindu mkobani na nikaufunga. Nililifunga fundo la kuni, kwa kuwa ndilo pekee ninalolijua. La wavuvi baba aliondoka nalo. Sikumwomba anifundishe, maana angeniuliza nalitakia nini.